Rekodi ya mwaka mzima juu ya baiskeli: Ushindi wa kilomita tano kwa siku

KUTOKA mjini Malindi hadi Mombasa ni mwendo wa takriban kilomita 120. Abiria wa matatu huupima mwendo huo kwa vituo: Gede, Matsangoni, Tezo, daraja la Kilifi, Vipingo, Kikambala, Mtwapa, kisha Nyali. Mwendesha baiskeli mwenye siha akiondoka Malindi alfajiri anaweza kuingia Mombasa kabla ya adhuhuri, na hakuna atakayemlaumu akipumzika huko hadi kesho yake.

Hebu sasa afikiriwe mwendesha baiskeli ambaye hapumziki. Akifika Mombasa anageuza usukani na kurudi Malindi siku iyo hiyo. Akifika Malindi anageuza tena kuelekea kusini, anavuka daraja la Kilifi kwa mara ya tatu, na kufika maeneo ya Kikambala ndipo anapoteremka na kulala. Kesho yake anaamka alfajiri na kuyafanya yale yale. Anafanya hivyo siku 365, bila kuacha Ijumaa wala Jumapili, Idi wala Krismasi.

Huo, kwa kipimo cha Pwani ya Kenya, ndio mwendo ambao Mwingereza Tommy Godwin aliuweka mwaka wa 1939. Kwa wastani alikwenda kilomita 331 kila siku, na kufikia Desemba 31 alikuwa ametimiza maili 75,065, yaani takriban kilomita 120,800. Mzunguko wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075. Kwa hivyo Godwin aliizunguka dunia mara tatu na ziada, akiwa katika barabara za nchi yake.

Rekodi hiyo ilidumu kwa miaka 76. Ilipovunjwa hatimaye, ilivunjwa kwa tofauti ambayo, ikigawanywa kwa siku za mwaka, haifiki hata mwendo wa kutoka mjini Malindi hadi daraja la Mto Sabaki. Hapo ndipo ilipo siri ya mashindano haya, na ndiyo sababu historia yake inafaa kuelezwa.

Mashindano yasiyo na mstari wa kuanzia

Rekodi ya mwaka ina kanuni moja kuu: ni nani aliyekwenda mwendo mrefu zaidi kwa baiskeli katika siku 365 zinazofuatana. Mshindani huchagua barabara yake, saa zake za kulala na siku yake ya kuanza. Hakuna kipenga kinachopulizwa wala utepe unaokatwa kifuani. Mara nyingi mahasimu huwa katika nchi tofauti, na huenda wakamaliza mwaka mzima bila kuonana uso kwa uso.

Jambo hili huitofautisha na mbio ambazo mashabiki wa Kenya wamezizoea tangu Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kunolewa na Mkenya David Kinjah, alipotwaa ubingwa wa Tour de France katika miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Mbio hizo za Ufaransa huwa na hatua 21, na jumla ya mwendo wake aghalabu ni kati ya kilomita 3,300 na 3,600. Katika siku 21 Godwin, kwa wastani wake, alikwenda karibu kilomita 7,000, na siku ya 22 akaendelea kama kawaida.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba Godwin alikuwa na nguvu kumshinda bingwa wa Tour de France. Bingwa wa Ufaransa hushindana kwa kasi, hasa milimani. Mshindani wa mwaka hushindana na saa. Akienda kilomita 25 kwa saa, mwendo wa kilomita 331 utamchukua zaidi ya saa 13 za kukanyaga pedali. Zinazosalia ni chini ya saa 11, na ndani yake lazima ale, aoge, atengeneze baiskeli, aandike hesabu zake na alale. Dakika moja inayopotea kwenye pancha haimrudii kwa kukaza mwendo, kwa sababu mwili unaokazwa leo hulipiza kesho.

Aidha, hasara ya siku moja husambaa katika mwaka wote. Mtu anayelenga kilomita 120,800 akilala kitandani kwa homa siku 10, itambidi aende wastani wa kilomita 340 katika kila siku iliyobaki. Akivunjika mfupa na kulala siku 30, wastani huo hupanda hadi 360. Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema, lakini kibaba hiki kina tundu chini, na kila siku isiyotumika hupenya humo.

Walioanza hesabu

Chimbuko la rekodi hii ni mwaka wa 1911, wakati gazeti la Uingereza lililoitwa Cycling lilipoandaa shindano la kutafuta nani angeweza kutimiza safari nyingi zaidi za maili 100 katika mwaka mmoja. Mfaransa Marcel Planes aliibuka mshindi kwa jumla iliyozidi maili 34,000. Baada ya hapo ukaja ukimya wa zaidi ya miaka 20.

Miaka ya 1930 ndiyo iliyoufufua ushindani. Viwanda vya baiskeli vilikuwa vikiwania wanunuzi, na havikuona tangazo bora kuliko mtu aliyeitumia baiskeli yao mwaka mzima pasipo kuharibika. Mwaka wa 1933 Ossie Nicholson wa Australia alifikisha takriban maili 43,967. Mwaka wa 1936 Walter Greaves wa mji wa Bradford, Uingereza, aliipita jumla hiyo kwa maili 45,383. Greaves hakuwa na kazi, na alikuwa na mkono mmoja tu. Baiskeli yake ilitengenezwa ili aweze kuiongoza na kufunga breki kwa mkono huo, na hakuanza hata Januari 1, kwa kuwa baiskeli ilichelewa kukamilika.

Nicholson hakukubali kupokonywa taji kimya kimya. Mwaka wa 1937 alirudi barabarani huko Australia, na mwaka uo huo René Menzies, Mfaransa aliyekuwa akiendesha nchini Uingereza, naye akaingia ulingoni. Hapo ndipo ulipoonekana uhasama halisi wa rekodi hii: watu wawili wakikimbizana huku bahari na mabara yakiwatenganisha. Januari, Menzies alipokuwa akipambana na barafu, Nicholson alikuwa katika kiangazi. Julai mambo yaligeuka. Kila mmoja aliisoma jumla ya mwenzake katika habari zilizomfikia kutoka ng'ambo, kisha akapanda tena baiskeli.

Mwaka ulipokwisha, Nicholson alikuwa na maili 62,657 na Menzies maili 61,561. Wote wawili walikuwa wameipita rekodi ya Greaves kwa maili zaidi ya 16,000. Tofauti baina yao ilikuwa maili 1,096, ambazo ni kama kilomita 1,764. Zikigawanywa kwa siku 365, ni chini ya kilomita 5 kwa siku. Kwa mwendo wa kawaida wa mwendesha baiskeli hodari, hizo ni dakika 12 hivi. Menzies alishindwa kwa dakika 12 za kila siku, na hakuna hata siku moja ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole na kusema hapa ndipo aliposhindwa.

Wanawake hawakubaki nyuma. Mwaka wa 1938 Mwingereza Billie Dovey, ambaye baadaye alijulikana kama Billie Fleming, aliendesha kila siku ya mwaka na kutimiza maili zaidi ya 29,600, wastani wa kilomita 130 kwa siku. Nia yake ilikuwa kuwahimiza wanawake kufanya mazoezi, na jioni nyingi alipomaliza safari alihutubia watu. Aliishi hadi umri wa miaka 100.

Godwin na Bennett, 1939

Thomas Edward Godwin alizaliwa mwaka wa 1912 huko Fenton, katika mji wa Stoke-on-Trent. Alianza kuijua baiskeli akiwa kijana wa dukani, akipeleka bidhaa kwa wateja juu ya baiskeli nzito yenye kapu la chuma. Inasimuliwa kwamba alipotaka kuingia katika mbio zake za kwanza, alilivunja kapu hilo na kuiendesha baiskeli ile ile ya kazi. Hakuwa mla nyama.

Mnamo Januari 1, 1939, saa kumi na moja alfajiri, Godwin aliondoka kuitafuta rekodi ya Nicholson. Hakuwa peke yake. Waingereza wengine wawili, Edward Swann na Bernard Bennett, nao walikuwa wameanza mwaka huo huo kwa lengo lilo hilo. Swann alianguka kabla ya kufikisha maili 1,000, na safari yake ikaishia hapo. Walisalia wawili.

Baiskeli ya Godwin ilikuwa ya chuma, yenye uzani wa takriban kilo 14 na gia nne tu. Mwanzoni alifadhiliwa na kampuni ndogo ya Ley, lakini gharama za kumhudumia zilipozidi uwezo wake, mzigo ukachukuliwa na Raleigh, jina ambalo wazee wengi wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa. Majira ya baridi yalimchelewesha, na kwa miezi kadhaa Bennett alikuwa mpinzani wa kweli. Kisha mchana ukarefuka. Juni 21, siku yenye mwanga mrefu kuliko zote Uingereza, Godwin alikwenda maili 361, yaani karibu kilomita 581, katika siku moja.

Septemba, Vita vya Pili vya Dunia vikazuka. Serikali iliamuru taa zifichwe usiku ili ndege za adui zisipate shabaha, na Godwin akalazimika kuendesha gizani, taa yake ikiwa imezibwa hadi kubaki mwanga hafifu. Hata hivyo, Oktoba 26 aliipita jumla ya Nicholson, zikiwa zimesalia wiki tisa. Angeweza kusimama hapo. Hakusimama. Aliendelea hadi Desemba 31, kisha akaendelea tena hadi Mei 1940 alipotimiza maili 100,000 katika siku 500.

Bennett naye alimaliza mwaka akiwa na maili 65,127. Jambo hili husahaulika upesi, ilhali linastahili kutajwa: Bennett pia aliivunja rekodi ya Nicholson, na kwa maili zaidi ya 2,000. Katika mwaka mwingine wowote kabla ya huo angekuwa bingwa wa dunia. Kosa lake lilikuwa moja tu, kuwa barabarani mwaka ule ule alioendesha Godwin.

Ushindi wenyewe haukumletea Godwin utajiri. Alipoteremka kwenye tandiko mwaka wa 1940 ilimchukua majuma kadhaa kuuzoesha mwili kutembea tena, kisha akajiunga na jeshi la anga. Vita vilipokwisha alitamani kurudi katika mbio za waendeshaji wasiolipwa, lakini wakuu wa mchezo huo walimkatalia kwa hoja kwamba alikwisha kupokea malipo ya kampuni. Waendeshaji wenzake wengi walitia saini ombi la kumtetea, na ombi hilo halikufua dafu. Godwin akageukia kuwafundisha vijana. Alifariki mwaka wa 1975 akiwa na umri wa miaka 63, alipokuwa akirejea kutoka matembezini, naye alikuwa juu ya baiskeli. Bamba la kumkumbuka lilizinduliwa mjini kwao mwaka wa 2005. (Asichanganywe na Mwingereza mwenzake wa jina hilo hilo aliyepata medali katika Olimpiki za London za 1948.)

Ukimya uliovunjwa 2015

Kwa miongo mingi rekodi ya Godwin ilionekana kuwa nje ya uwezo wa binadamu. Isitoshe, wachapishaji wa kitabu cha rekodi cha Guinness walikuwa wameacha kupokea majaribio mapya, wakiona kwamba hatari yake ni kubwa mno. Mambo yalibadilika pale chama cha waendeshaji wa masafa marefu chenye makao Marekani kilipoandika kanuni mpya na kukubali kusimamia majaribio.

Mwaka wa 2015 mahasimu walijitokeza tena. Steve Abraham, Mwingereza wa Milton Keynes aliyekuwa na umri wa miaka 40, alianza Januari 1, kama Godwin. Siku chache baadaye, Januari 10, Kurt Searvogel wa jimbo la Arkansas, Marekani, aliyekuwa amevuka miaka 50, naye akaanza. Mitindo yao ilitofautiana kabisa. Abraham aliendesha kwa mtindo wa zamani katika barabara za Uingereza, akikabili baridi, mvua na vilima. Searvogel aliufuata uzuri wa hali ya hewa, na sehemu kubwa ya mwaka aliitumia Florida, ambako ardhi ni tambarare na majira ya baridi hayana theluji. Mashabiki duniani kote waliweza kuwafuatilia kwenye intaneti, kwa kuwa kila mmoja alibeba chombo kilichoonyesha kupitia setilaiti mahali alipo.

Machi 29, 2015, Abraham aligongwa na mtu aliyekuwa akiendesha pikipiki ndogo, na kifundo cha mguu wake kikavunjika. Mtu mwingine angefunga virago. Abraham alipata baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendeshwa kwa kulala na akakanyaga kwa mguu mmoja huku mwingine ukiwa umefungwa. Agosti 8 alianzisha hesabu mpya ya mwaka bila kuiacha ile ya kwanza. Licha ya ujasiri huo, rekodi haikumwangukia.

Searvogel alimaliza Januari 9, 2016 akiwa na maili 76,076. Godwin alikuwa amepitwa hatimaye, kwa maili 1,011. Ni kama kilomita 1,627, au kilomita 4 na nusu kwa siku. Baada ya miaka 76 ya maendeleo ya baiskeli, kutoka chuma kizito hadi vyombo vyepesi vyenye gia nyingi na njia laini za lami, tofauti baina ya mtu wa 1939 na mtu wa 2015 ilikuwa kama dakika 11 za kila siku.

Mwanamke aliyewapita wote

Kabla dunia haijamaliza kumpongeza Searvogel, Mmarekani Amanda Coker, mwanadada wa Florida, alianza hesabu yake Mei 15, 2016. Miaka mitano kabla ya hapo, yeye na baba yake walikuwa wamegongwa na gari wakiendesha baiskeli, naye akapata jeraha la ubongo. Huenda hilo linaeleza uamuzi wake wa kutoingia barabara kuu. Sehemu kubwa ya mwaka aliendesha katika bustani ya Flatwoods karibu na Tampa, kwenye njia ya kuzunguka yenye urefu wa maili 7 hivi, tambarare, isiyo na magari.

Kufikia Mei 14, 2017, Bi Coker alikuwa ametimiza maili 86,573, takriban kilomita 139,300. Wastani wake ulikuwa kilomita 382 kwa siku, sawa na kusafiri kati ya Malindi na Mombasa mara tatu kila siku na kubakiwa na kilomita 20 za kuongeza. Aliipita jumla ya Searvogel kwa maili zaidi ya 10,000, na akaendelea hadi kutimiza maili 100,000 katika siku 423, akiizidi ile hesabu ya Godwin ya siku 500. Rekodi ambayo Searvogel aliivunja kwa kilomita nne na nusu kwa siku ilikuwa sasa imevunjwa kwa kilomita 46.

Je, kuzunguka bustani ni sawa na kuvuka nchi gizani wakati wa vita? Hilo ni swali ambalo wapenzi wa mchezo wanaweza kubishana juu yake hadi usiku wa manane. Kanuni hazikatazi. Zinapima mwendo, hazipimi mandhari. Na anayedhani kwamba ni rahisi kuzunguka njia moja mara 34 kwa siku, mwaka mzima, na ajaribu wiki moja.

Nani shahidi?

Rekodi ya namna hii ina udhaifu mmoja wa kimaumbile: hakuna refa anayeweza kukaa na mshindani siku 365. Kwa hivyo uaminifu ni sehemu ya vifaa, kama vile cheni na tairi. Katika miaka ya 1930 mshindani alikuwa na mita ya kuhesabu maili iliyofungwa kwa lakiri, na kadi ambazo alizitia saini kwa mashahidi alikopita, kisha akazipeleka kwa posta kwenye gazeti lililosimamia hesabu. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na vyombo vya setilaiti vinavyorekodi kila kona na kila dakika, pamoja na ushahidi wa watu waliomwona njiani.

Kilichobadilika ni chombo tu. Kanuni ni ile ile: mwendo usioshuhudiwa hauhesabiwi, hata kama miguu inaujua.

Na Sabaki je?

Wasomaji wa Malindi na Kilifi wanaweza kujiuliza iwapo jaribio kama hilo lingewezekana kwao. Kimaumbile, Pwani ya Sabaki ina mengi ya kuvutia. Barabara iendayo Mombasa haina milima ya kutisha. Malindi ipo takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na kwa hivyo tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi zaidi ya mwaka haifiki nusu saa. London, kwa kulinganisha, huwa na mwanga wa saa 16 na nusu mwezi Juni na chini ya saa 8 mwezi Desemba. Mshindani wa Malindi asingepata siku kama ile ya Godwin ya Juni 21, lakini pia asingemezwa na giza la Desemba.

Adui yake wa kwanza angekuwa upepo. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia takriban Aprili, na anayekwenda Mombasa wakati huo hupigwa usoni. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na hapo ni safari ya kurudi Malindi inayokuwa nzito. Kwa anayekwenda na kurudi, upepo haufidiwi sawasawa, kwa kuwa muda unaopotea ukikupinga ni mrefu kuliko unaookolewa ukikusukuma. Adui wa pili ni joto la Januari hadi Machi, ambalo lingemlazimu kuanza kabla ya alfajiri na kupumzika adhuhuri. Wa tatu ni masika.

Hata hivyo, adui mkubwa zaidi angekuwa yule aliyemwangusha Abraham. Barabara kuu ya Pwani hubeba matatu, mabasi na malori yaendayo kasi, na kwa sehemu kubwa ya njia mwendesha baiskeli hana pa kukimbilia ila mchangani pembezoni. Hatari ya mchezo huu si nadharia kwa Wakenya. Agosti 27, 2022, Suleiman Kangangi, aliyekuwa nahodha wa kikosi cha Team Amani, alifariki baada ya kuanguka katika mbio jimboni Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33.

Pamoja na hayo yote, ingekuwa makosa kudhani kwamba masafa marefu ni jambo geni Sabaki. Kabla ya pikipiki kuenea mwishoni mwa miaka ya 2000, abiria wa Malindi na Kilifi walibebwa na bodaboda za baiskeli, wameketi kwenye keria iliyowekwa mto. Baiskeli nzito za chuma aina ya "black mamba" zilibeba, na mahali pengine zingali zikibeba, mitungi ya maji, magunia ya makaa, mikate, makuti na mnazi. Ni baiskeli za ukoo ule ule wa ile ya kapu aliyoanzia Godwin.

Hesabu ya mfano inatosha kuonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Mwendesha bodaboda aliyekwenda kilomita 50 kwa siku, siku sita kwa wiki, alitimiza kilomita 15,600 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya Tour de France nne, na alizikwenda akiwa na abiria nyuma, bila fundi wa kumhudumia ila yule wa chini ya mwembe aliyemlipa kwa kila pancha. Akifanya kazi hiyo miaka minane, alikuwa ameuzidi mwendo wote wa Godwin wa mwaka wa 1939.

Tofauti baina yake na Godwin ni kubwa, na haifai kupuuzwa: mmoja alifanya kwa miaka minane kile ambacho mwingine alikifanya kwa mmoja. Lakini ipo tofauti nyingine. Godwin alikuwa na kadi mfukoni, shahidi wa kuitia saini, na gazeti lililosubiri kuipokea. Wa Malindi alihesabu nauli jioni, akatoa ya mwenye baiskeli ikiwa si yake, akanunua unga, na kesho yake akaanza tena kwenye sifuri.